Namna ya kuongoza mazungumzo ya baraza kuhusu majenerali wanaomnadi mgombea na balozi zilizoshambuliwa

Kila Marekani inapokaribia kuchagua rais, habari mbili hazikosi kufika kwenye baraza letu la kahawa hapa Dunda, Bagamoyo. Ya kwanza ni orodha ya majenerali wastaafu waliojitokeza kumnadi mgombea fulani. Ya pili ni swali la nani abebe lawama pale ubalozi unaposhambuliwa na watu wakafa. Mwaka 2012 zilifika kwa pamoja: tarehe 11 Septemba wanamgambo walivamia ofisi ya kibalozi ya Marekani mjini Benghazi, Libya, wakaua Wamarekani wanne akiwemo Balozi J. Christopher Stevens, na wiki nane baadaye Wamarekani wakapiga kura kuchagua kati ya Barack Obama na Mitt Romney, ambaye kampeni yake ilikuwa imetangaza baraza la washauri wa kijeshi lenye majenerali na maadmirali wastaafu zaidi ya 300.

Mara ya kwanza nilipoombwa kuongoza mazungumzo hayo, niliyavuruga mwenyewe. Niliwaacha wenye sauti kubwa watangulie, na baada ya nusu saa tulikuwa tunahesabu majenerali kama wanunuzi wanaohesabu mbuzi mnadani, huku mwisho wa benchi mtu akiapa kwamba shambulio lote lilipangwa na wapiga kampeni. Maelekezo haya nimeyaandika kwa ajili ya yeyote atakayekabidhiwa kazi hiyo, iwe barazani, kwenye klabu ya mdahalo ya shule au katika kikundi cha wasoma magazeti, ili asirudie kosa langu.

Anza kwa kulitenganisha neno "jeshi"

Mtu anaposema kwamba jeshi linamuunga mkono mgombea, mzuie kwa upole na umuulize ni jeshi lipi. Kuna taasisi yenyewe, kuna askari aliye kazini, na kuna mstaafu aliyekwisha kuvua gwanda. Watatu hao hawafungwi na kanuni zile zile, na asilimia kubwa ya ubishi wa barazani huisha pale tu wanapotenganishwa.

Kwa wasikilizaji wa hapa ni vyema kuanzia nyumbani. Ibara ya 147 ya Katiba yetu ya mwaka 1977 inamkataza mwanajeshi kujiunga na chama chochote cha siasa, lakini inamwachia haki ya kupiga kura, na kwa maana ya ibara hiyo mwanajeshi si askari wa JWTZ peke yake, kwa kuwa inawataja pia polisi, magereza na Jeshi la Kujenga Taifa. Wazee wanakumbuka kwamba haikuwa hivyo siku zote. Wakati wa chama kimoja, askari aliweza kuwa kada, na mfano wake tunao jirani kabisa: Jakaya Kikwete, mzaliwa wa Msoga, alikuwa afisa wa jeshi na mtu wa chama kwa wakati mmoja, hadi vyama vingi viliporejeshwa mwaka 1992 akaliacha jeshi akiwa luteni kanali na kubaki kwenye siasa. Mweke kando kwa sasa, maana atarudi.

Marekani mstari wao umechorwa kwa namna nyingine kidogo. Maagizo ya Wizara yao ya Ulinzi yanamruhusu askari aliye kazini kupiga kura na hata kumchangia mgombea fedha, ila hayamruhusu kuhutubia mkutano wa chama wala kuendesha kampeni. Mstaafu ana uhuru mpana zaidi, kwa sharti kwamba asijifanye anasema kwa niaba ya jeshi. Kwa hiyo orodha tunazoziona magazetini ni za wastaafu, na mwongozaji aliseme hilo mapema, kabla kahawa haijazunguka mara ya pili.

Namna ya kuisoma orodha yenyewe

Usianze na idadi. Nitaeleza sababu kwa mfano wa mwaka 2016, ambapo mwanzoni mwa Septemba kampeni ya Donald Trump ilitoa barua yenye saini za majenerali na maadmirali wastaafu 88, na muda mfupi baadaye kampeni ya Hillary Clinton ikajibu kwa majina 95. Aliyeshinda ni mwenye 88. Miaka minne kabla, Romney alikuwa na zaidi ya 300, tena akiwemo Jenerali Tommy Franks aliyeongoza uvamizi wa Iraq mwaka 2003, na akashindwa. Ukiiweka mifano hiyo miwili mbele ya baraza, mwenye kuhesabu mbuzi atanyamaza bila kuaibishwa.

Chukua jina moja tu kutoka kwenye orodha, na liulize maswali machache. Alistaafu lini? Aliongoza nini hasa, vita au bohari? Jambo analolitolea ushahidi leo alilishughulikia mwenyewe, au anatumia nyota za begani kuzungumzia kodi na bima ya afya? Alipokuwa kazini alisema nini kuhusu jambo hilo hilo? Swali la mwisho ndilo ninalolipenda zaidi, na watu wengi hawaliulizi kwa sababu jibu lake huchelewa miaka: baada ya uchaguzi alipata nini? Mwaka 2016 Luteni Jenerali mstaafu Michael Flynn alipanda jukwaani kumnadi Trump kwenye mkutano mkuu wa chama. Januari iliyofuata akawa mshauri wa usalama wa taifa, na hakumaliza mwezi mmoja kwenye kiti hicho. Kwa upande wa pili, Jenerali mstaafu John Allen alimnadi Clinton. Wote wawili walikemewa hadharani na Jenerali Martin Dempsey, aliyekuwa Mwenyekiti wa Wakuu wa Majeshi hadi mwaka 2015, kwa hoja kwamba mstaafu wa cheo kile bado hubeba jina la jeshi popote aendapo, na raia hawezi kutenganisha mtu na sare.

Binafsi naona Dempsey alikuwa sahihi kuhusu hatari hiyo, ingawa sikubali kwamba mstaafu anyamaze kabisa. Colin Powell alipotangaza Oktoba 2008 kwamba atampigia kura Obama, ilhali yeye mwenyewe alikuwa Waziri wa Mambo ya Nje katika serikali ya chama pinzani, alitoa sababu ndefu zinazoweza kupimwa moja moja. Mtu wa namna hiyo anakupa kitu cha kujadili. Saini ya 211 kwenye barua ya tangazo haikupi kitu.

Jina ambalo mwongozaji asilikose, hata akikosa mengine yote, ni la Admirali William Crowe. Huyu alikuwa Mwenyekiti wa Wakuu wa Majeshi kuanzia mwaka 1985 hadi 1989, chini ya marais wawili wa Republican. Septemba 1992, Bill Clinton alipokuwa anasakamwa kwa kukwepa kwenda vitani Vietnam, Crowe alijitokeza kumuunga mkono pamoja na maafisa wengine wastaafu, na kitendo hicho kilimfunika Clinton vizuri pale alipokuwa wazi. Clinton akashinda, na mwaka 1994 Crowe akawa balozi wa Marekani mjini London. Liandike jina lake kwa herufi kubwa, kwa sababu ndilo daraja la kuvukia kwenda kwenye nusu ya pili ya mazungumzo.

Nusu ya pili ianzie Dar es Salaam

Benghazi ni mbali. Ukianzia huko, baraza litageuka uwanja wa mashabiki wa vyama vya watu wengine. Anzia Ijumaa ya tarehe 7 Agosti 1998, ambayo kila mtu wa umri wangu anajua alikuwa wapi. Mimi nilikuwa sokoni kwenye samaki, na habari ilitufikia kwa redio ya muuza mihogo, watu wakiwa wameanza kuondoka kujiandaa kwa sala ya Ijumaa. Kwa muda mrefu hatukuelewa kama mlipuko ni wa Nairobi au wa Dar, hadi mtangazaji aliporudia kwamba ni miji yote miwili, karibu kwa dakika zile zile.

Nairobi walikufa watu zaidi ya 200, kumi na wawili wakiwa Wamarekani, na maelfu wakajeruhiwa. Dar es Salaam walikufa 11 na kujeruhiwa 85, na katika wale 11 hapakuwa na Mmarekani hata mmoja. Tofauti hiyo ya idadi ina sababu kadhaa, na moja ni boza la maji. Lori la washambuliaji lilipofika kwenye lango la ubalozi, lilikuta boza lililokuwa likiingiza maji limetangulia mbele ya walinzi, likashindwa kusogea karibu zaidi na jengo. Bomu lilipolipuka, boza hilo lilikula sehemu kubwa ya nguvu yake. Wape watu muda wa kuiona picha hiyo: ulinzi wa ubalozi wa taifa lenye nguvu kuliko yote siku ile ulisimama juu ya walinzi wa Kitanzania waliofanya kazi yao langoni, wengine wakafa hapo hapo, na juu ya gari la maji ambalo hakuna aliyelipanga kuwa ngao.

Sasa uliza nani awajibike, na hapa uwe mkali wa kutenganisha ngazi. Waliolipua wana kesi yao, na kesi hiyo ilisikilizwa: mwaka 2001 mahakama ya New York iliwahukumu watu wanne kifungo cha maisha, mmoja wao akiwa Khalfan Khamis Mohamed wa Zanzibar. Kosa la muuaji halifuti uzembe wa aliyepaswa kufunga mlango, na uzembe huo haupunguzi kosa la muuaji. Ukiruhusu mawili haya yachanganywe, hutapata mazungumzo tena.

Baada ya muuaji zipo ngazi tatu. Ya kwanza ni nchi mwenyeji, ambayo Mkataba wa Vienna wa mwaka 1961, ibara ya 22, unaipa wajibu maalumu wa kulinda majengo ya ubalozi. Waziri wetu wa Mambo ya Nje siku ile alikuwa nani? Ni yule yule luteni kanali wa Msoga tuliyemweka kando. Baraza langu hufurahia sana hapo, nami huwaacha wafurahi kwa dakika moja, kisha nawakumbusha kwamba polisi wa mitaani hawakuwa chini ya wizara yake. Ngazi ya pili ni wizara iliyotuma balozi, ambayo ndiyo huamua ubora wa jengo na idadi ya walinzi. Ya tatu ni Bunge linalotoa fedha.

Wakati huo Marekani walikuwa na sheria ya mwaka 1986, iliyotungwa baada ya balozi zao kulipuliwa Beirut, iliyotaka iundwe bodi ya uchunguzi wa uwajibikaji kila watu walipokufa au kuumia vibaya katika shambulio la namna hii. Baada ya mwaka 1998 ziliundwa bodi mbili, moja ya Nairobi na nyingine ya Dar es Salaam, na aliyeziongoza zote mbili alikuwa Admirali William Crowe.

Hapo kimya hushuka barazani. Kiache kishuke.

Ripoti yake ya Januari 1999 haikuwa ya kubembeleza. Ilieleza kwamba majengo yote mawili hayakuwa na umbali wa futi 100 kutoka barabarani, kiwango kilichopendekezwa tangu katikati ya miaka ya 1980, na kwamba serikali kadhaa mfululizo pamoja na Bunge zilishindwa kutoa fedha za kutosha. Ilipendekeza dola bilioni 1.4 kila mwaka kwa takriban miaka 10. Ilieleza pia jinsi Balozi Prudence Bushnell wa Nairobi alivyoandika mara kwa mara kuomba jengo jingine, hadi akamwandikia Waziri Madeleine Albright mwenyewe miezi michache kabla ya mlipuko. Pamoja na hayo yote, ilihitimisha kwamba hapakuwa na mtumishi yeyote wa serikali ya Marekani aliyevunja wajibu wake.

Swali ambalo fundi mashua aliliuliza

Kuna mzee mmoja, fundi wa mashua, ambaye hukaa pembeni na kusikiliza akiwa na kikombe chake kidogo kati ya vidole viwili. Siku tulipofika kwenye hitimisho hilo alisema, "Mwalimu, mimi chombo kikizama siulizi kama mbao zote zilikuwa mbaya. Naulizia ule ubao nilioambiwa umeoza, nani aliniambia, na mimi nilimjibu nini."

Tangu siku hiyo swali lake ndilo kanuni yangu ya kuongozea sehemu hii: nani aliomba, lini, kwa nani, akajibiwa nini. Kwa Nairobi tunajua aliyeomba na aliyeombwa. Kwa Benghazi pia tunajua. Tarehe 10 Oktoba 2012 Eric Nordstrom, aliyewahi kuwa afisa mkuu wa usalama wa ubalozi nchini Libya, aliliambia Bunge kwamba maombi ya kuongezewa walinzi yalikuwa yakikataliwa na wizara. Desemba mwaka huo bodi iliyoongozwa na Balozi Thomas Pickering na Admirali mstaafu Mike Mullen ilikuta udhaifu mkubwa wa uongozi katika idara mbili za wizara, na ulinzi ambao haukulingana kabisa na hatari iliyokuwepo. Hata hivyo haikumkuta mtu aliyevunja wajibu kwa maana ya sheria.

Waeleze watu kwa nini jibu linajirudia, kwa kuwa wengi watakimbilia kusema ni kulindana tu. Kulindana kunawezekana, na sheria yenyewe ya wakati ule iliacha mwanya, maana wanne kati ya wajumbe watano wa bodi waliteuliwa na Waziri wa Mambo ya Nje, ambaye wizara yake ndiyo iliyochunguzwa. Ila kuna sababu nyingine isiyovutia sana. Sheria ilikuwa inatafuta uvunjaji wa wajibu, na kuongoza vibaya si sawa na kuvunja wajibu. Bodi ya mwaka 2012 iliuona upungufu huo, ikapendekeza kanuni zirekebishwe ili uongozi mbovu katika tukio la namna hii uweze kuwa msingi wa nidhamu. Maafisa wanne waliondolewa kwenye nafasi zao, na Agosti 2013 Waziri John Kerry akaamua warudishwe kazini katika nafasi nyingine. Hillary Clinton, aliyekuwa waziri, alisema mapema kwamba anabeba dhamana. Aliendelea na uwaziri hadi muda aliokwisha kuupanga kuondoka ulipofika.

Kwetu neno "kuwajibika" lina uzito mwingine, na mwongozaji autumie. Mwaka 1977 Ali Hassan Mwinyi alijiuzulu uwaziri wa Mambo ya Ndani kwa sababu watu walikufa mikononi mwa vyombo vilivyokuwa chini ya wizara yake huko Shinyanga na Mwanza, ingawa hakuna aliyesema kwamba yeye alinyanyua mkono. Waulize wasikilizaji ni kipi wanachokitafuta: mwenye kosa, au mwenye dhamana? Usiwaamulie. Mimi huelemea kwa mwenye dhamana, na nimewahi kuambiwa kwamba nasema hivyo kwa sababu sijawahi kuwa na dhamana yoyote kubwa kuliko ya kushika rejesta ya darasa.

Kamati za Bunge zisikuchukulie muda mwingi. Ile ya kuchunguza Benghazi, iliyoongozwa na Trey Gowdy, mbunge wa Republican, iliundwa Mei 2014, ikamhoji Clinton kwa takriban saa 11 Oktoba 2015, ikatoa ripoti ya kurasa zaidi ya 800 Juni 2016, miezi michache kabla ya uchaguzi ambao Clinton mwenyewe alikuwa mgombea. Tarehe hizo zinatosha kumwonyesha msikilizaji jinsi uchunguzi unavyoweza kuvaa kofia mbili.

Kurudi kwa Crowe

Baada ya hayo rudisha daraja. Je, ripoti ya mtu aliyemnadi rais, akapewa ubalozi na rais huyo huyo, kisha akaichunguza serikali yake, iaminike? Wagawe watu wawili wawili wazungumze kwa dakika 10 kabla ya kurudi kwenye mduara. Jibu langu, nikilazimishwa, ni kwamba tusiitupe ripoti kwa sababu ya jina la mwandishi, bali tuangalie inapoishia. Ukweli wa futi 100 unapimika kwa utepe. Barua za Bushnell zipo. Pale panapohitaji kutaja jina la aliyezembea, ndipo pa kukumbuka mwaka 1992. Mullen, kwa kulinganisha, alikuwa ametumikia juu kabisa jeshini chini ya Bush na chini ya Obama, na alikuwa akiwaonya askari wakae mbali na siasa za vyama. Bodi yake nayo ilisimama karibu na pale pale alipoishia Crowe. Hilo linaidhoofisha kidogo hoja yangu, na ni haki baraza liambiwe.

Mambo madogo ya uendeshaji: watu wasizidi 15, daftari moja lizunguke, na atakayetaja idadi ataje pia mwaka. Ukiweza, wapeleke siku nyingine Makumbusho ya Taifa, Mtaa wa Shaaban Robert, ambako kuna kumbukumbu ya mlipuko wa Dar. Ukirudi kwa Barabara ya zamani ya Bagamoyo utapita Msasani mbele ya ubalozi mpya, na kila mtu ataona kwa macho yake jinsi jengo lilivyokaa mbali na barabara.

Mara ya mwisho tulipofunga, fundi mashua aliomba daftari, akaandika taratibu swali lake kuhusu wale walinzi wa langoni: kabla ya siku ile, nani aliwahi kuombea ulinzi wao? Hakuna aliyekuwa na jibu, na vikombe vilikuwa vimekwisha kukusanywa. Ndilo litakalofungua Jumamosi ijayo.